Insha za Bahari Zinazoandikwa Zombe

Mwaka 2021, kabla sijarejea chuoni kwa shahada ya uzamili, nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili isiyo mbali na soko la Zombe, Kitui Mashariki. Nilikuwa mwalimu wa bodi, yule ambaye mshahara wake hutegemea kama karo imelipwa au la. Siku moja niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Pili mada ambayo sidhani kama yupo mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya ambaye hajawahi kuitoa: safari ambayo hutaisahau. Wanafunzi walikuwa 41. Kati yao, 26 walikwenda Mombasa.

Nasema walikwenda kwa maana ya kiinsha. Wote walirauka majogoo ya kwanza yalipowika. Wote walistaftahi chai kwa mahamri, wakaabiri basi lililong'oa nanga na kushika kasi ya umeme. Walipofika, upepo mwanana ukawapapasa, mawimbi yakakumbatiana, macho yao yakalakiwa na mandhari ya kupendeza. Watano walikwenda Nakuru kuwatazama heroe. Watatu walipanda ndege. Mmoja alivuka kivuko cha Likoni na kushukia Lamu, jambo ambalo mabaharia wetu bado hawajalifumbua. Niliporejesha madaftari niliuliza, kwa mzaha, ni nani aliyewahi kuiona bahari. Mikono miwili iliinuliwa. Mmoja ukateremshwa nilipouliza ilikuwa lini.

Mvulana mmoja, ambaye hakuwa hodari wa lugha kuliko wenzake, hakwenda kokote huko. Aliandika kuhusu siku aliyofuatana na nyanyake na dada zake wawili hadi kwenye vilima vya Mutito. Walikuwa wanakwenda kumzuru nduguye nyanya. Mdogo wao alichoka njiani, wakaketi juu ya mwamba na kula muthokoi uliokuwa umebebwa ndani ya kiondo. Kutoka pale waliona kivuli cha wingu kikitembea juu ya nchi tambarare, wakakifuata kwa macho hadi kikapotelea upande wa Endau. Dada mdogo akauliza kivuli kile kinakwenda kulala kwa nani. Nyanya akamjibu. Jibu lenyewe mwandishi hakuliandika kwa sababu, alieleza, halikukubali kugeuzwa Kiswahili.

Nilimpa alama 8 kati ya 20. Chini yake, kwa wino mwekundu, nikaandika kwamba hiyo si safari, atumie tamathali za usemi na methali, ajenge taharuki. Mwenzake aliyeyakumbatisha mawimbi nilimpa 15.

Wapenzi wa Kiswahili, alama ile ya 8 imenisumbua kuliko kosa lolote nililowahi kufanya darasani, na makala haya nayaandika kwa sababu yake. Sidai kwamba mvulana yule alikuwa mwandishi mkubwa aliyekandamizwa. Sarufi yake ilikuwa mbovu, na aya zake hazikujulikana zinaanzia wapi. Ninalodai ni kwamba sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tumewafundisha watoto wa mahali kama Zombe kuwa lugha hii haina kazi kwao mpaka waondoke nyumbani. Tumewafundisha kwamba kuna mahali pa kutembelewa na mahali pa kukaa tu, na kwamba wao wamezaliwa mahali pa kukaa tu.

Mazoea haya yana historia yake. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa, na insha ikawa njia mojawapo ya kumpandisha mtoto ngazi. Hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ya Kiswahili ilikuwa na alama zake 40. Palipo na alama huzuka soko. Likazuka soko la vijitabu vya mifano ya insha, orodha za misemo na mianzo iliyotayarishwa, na wengi wa waandishi wake walijua kwamba bahari na mbuga ndizo zinazouzika. Mtoto alikariri, mwalimu akasahihisha kile alichokikariri yeye mwenyewe miaka kumi nyuma. Leo tuna mtaala mpya wa umilisi unaosisitiza mazingira ya mwanafunzi. Hata hivyo, majuzi nilifungua daftari la mpwa wangu na kukuta upepo mwanana wa baharini unavuma vilevile. Mitaala hubadilishwa Nairobi. Misemo hubadilika polepole zaidi.

Kinachonishangaza ni kwamba msamiati wetu wenyewe haukubaliani na mazoea haya. Chukua neno mandhari, ambalo hakuna insha inayolikosa. Lina nduguye aliyesahauliwa bara, yaani mandari. Waswahili wa pwani wanapofungasha chakula, wakachukua watoto na mikeka, wakaenda kushinda shambani au ufuoni na kurudi jioni, hiyo ni mandari. Maneno haya mawili yametoka chimbuko moja la Kiarabu linalohusu kutazama. Bara tumechukua mandhari, kitu cha kusifiwa katika insha, tukaiacha mandari, kitu cha kufanywa na familia siku ya Jumamosi. Kitenzi kutalii nacho kiliingia katika lugha yetu kikiwa na maana ya kuchungua na kupitia jambo kwa makini, kama mtu anavyopitia kitabu. Baadaye kikavishwa kofia pana na kamera, kikapewa uraia wa kigeni. Mwambie mkazi wa Zombe kwamba yeye ni mtalii, atacheka au atakasirika.

Agosti 2023 niliamua kufanya jambo badala ya kujilaumu. Dada yangu alikuwa ameleta wanawe wawili kutoka Nairobi, wa miaka 11 na 8. Hao ni watoto wa mtaani Pipeline, Kikamba chao ni cha salamu na cha chakula tu. Tulimchukua mama yangu, ambaye kwao ni nyanya, tukapanda matatu hadi tukafika Nzambani, karibu na Chuluni, kilomita chache kabla ya mji wa Kitui. Mama amezaliwa na kuzeekea Kitui. Mwamba wa Nzambani amekuwa akiupita akienda mjini kwa zaidi ya miaka 40. Hakuwahi kuufikia. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba hakuwahi kutumwa huko.

Mwamba wenyewe wengi mnaujua, angalau kwa sifa: jabali kubwa la peke yake lililochomoza katikati ya nchi, na ngazi ya chuma imegandamizwa ubavuni ili watu wapande. Kiingilio kipo, na si kikubwa. Mama hakupanda, magoti hayakumruhusu. Aliketi kivulini akawasubiri watoto wateremke, nao walipoteremka wakihema, akawapa maji na kuanza kusimulia. Aliwasimulia habari za msichana aitwaye Nzambani, aliyeokota jiwe akaenda nalo, jiwe likakataa kuachana naye, likakua hadi likammeza na kuwa hilo waliloliona. Kisha akawaambia lile linalojulikana na kila Mkamba, kwamba anayeuzunguka mwamba huo mara saba hugeuka, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume.

Hapa ndipo nilipotamani kuwa na kinasasauti. Mkubwa aliuliza itakuwaje mtu akizunguka kinyume. Mama akamjibu kwamba jiwe halina kinyume, ukianza umeanza. Mdogo akataka kujua, kwa uzito wote wa hakimu, kama mtu aliyezunguka mara sita hugeuka nusu. Mama alifikiri. Akasema, "La, wa mara sita huwa amechoka tu."

Mimi nimesoma kisaasili hiki katika tasnifu mbili na makala moja. Nimeona kikiainishwa, kikipewa dhamira, kikichanganuliwa kwa nadharia ya umuundo. Hakuna hata mahali pamoja nilipowahi kukuta swali la mtu wa mara sita. Haliwezi kukutwa huko, kwa sababu linahitaji mtoto, jiwe lenyewe mbele ya macho, na bibi asiyeharakishwa. Tunafundishana kila mwaka kwamba fasihi simulizi hukamilika katika utendaji, kwamba hadhira ni sehemu ya kazi, kwamba fanani hubadilisha masimulizi kulingana na mahali. Kisha tunakwenda nyanjani tukiwa peke yetu, tunamkalisha mzee kwenye kiti, tunamwomba asimulie mbele ya simu, halafu tunashangaa mbona masimulizi yamekauka. Mandari ya familia ndiyo maabara ya fasihi simulizi, nayo haihitaji kibali cha utafiti.

Na lugha je? Mama alisimulia kwa Kiswahili. Si kwamba alipenda. Wajukuu wake hawasikii Kikamba sawasawa, naye Kiingereza hakijui. Kiswahili chake ni cha sokoni, kina upatanisho wa kisarufi ambao ungewatoa machozi baadhi ya wahadhiri wangu, lakini pale chini ya mwamba hakikuwa lugha ya taifa wala lugha ya mtihani. Kilikuwa daraja pekee lililobaki kati ya bibi na wajukuu. Bila hicho, hadithi ingeishia kwa mama. Tukiri kwamba hali hii ni ya majonzi pia, maana daraja hili limejengwa mahali palipobomoka daraja jingine, nami si miongoni mwa wanaoshangilia Kikamba kikififia. Ila maadamu daraja lipo, tuangalie linavyotumika. Mvulana wangu wa alama 8 alikwama mahali hasa ambapo mama alivuka. Alikuwa na jibu la nyanyake kwa Kikamba, hakuwa na Kiswahili cha kulibebea. Mimi niliyekuwa mwalimu wake wa Kiswahili, badala ya kuketi naye tukalitafutie maneno, nilimwagiza mawimbi.

Masimulizi ya Ukambani yamekwisha kusafiri mbali kwa lugha nyingine. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango hapo Kitui, alichapisha Akamba Stories mwaka 1966 katika mfululizo wa Oxford, yaani msomaji wa Uingereza aliweza kuzisoma ngano zetu kwa lugha yake miaka mingi kabla ya kuzaliwa mwalimu wa Zombe anayeandika haya. Wenzetu wa Makueni wanaishi chini ya Nzaui, jabali ambalo katika mapokeo ya Wakamba ndipo Mulungu alipowashusha binadamu wa kwanza. Mtoto anayechunga mbuzi mahali ulimwengu ulipoanzia, akiambiwa aandike kuhusu mahali pa ajabu, anaandika kuhusu jumba la ghorofa la Nairobi. Huko huko Makueni kuna hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 enzi za kazi ya reli, ambako msafiri yeyote hulishwa bure bila kuulizwa dini yake. Sijui somo gani la uraia linaloweza kulishinda hilo.

Nirudi Zombe, kwa kuwa ndiko ninakokujua zaidi. Aliye na siku moja na watoto wanaoweza kutembea, awapeleke kwenye vilima vya Mutito asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali. Msitu ulioko juu ndio unaokinga mvua, na mtoto akiyaona maji yanatoka mlimani huku bondeni kumekauka, ataielewa jiografia bila kukaririshwa. Aliyechoka kupanda, mito ipo. Nasema mito nikijua kwamba mgeni atatafuta maji asiyaone. Thua, kama mito mingi ya upande wetu, ni mto wa mchanga: maji hupita juu siku chache za mvua, kisha hujificha chini, na mwaka mzima uliobaki mto ni barabara pana nyeupe ambayo punda na watoto huitumia wapendavyo. Chimba kidogo mahali panapostahili, maji hujitokeza yenyewe, safi, yamechujwa. Watoto wangu wa Pipeline walichimba kwa saa mbili. Mdogo, ambaye Nairobi hununua maji kwa mtungi, aliuliza mwenye maji haya ni nani, tumlipe. Mahali pengine Kitui utaonyeshwa mabwawa ya mchanga, kuta fupi za saruji zilizojengwa kukatiza mito ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji. Yapo mamia ya mabwawa hayo, na wataalamu kutoka nchi za mbali wamekuja kuyasoma. Katika insha zangu 41 hakuna bwawa hata moja.

Endau nako kuna kilima cha kuvutia, chenye msitu na chemchemi, lakini sitamhadaa mzazi kwa ajili ya makala. Migogoro ya malisho kati ya wakulima na wafugaji wa ngamia imekuwa ikizuka upande huo mara kwa mara, na imewahi kuua. Anayetaka kwenda aulize kwanza wenyeji, na wakimwambia asubiri, asubiri. Hifadhi ya Kitui Kusini, inayopakana na Tsavo Mashariki, ipo kwenye ramani kuliko ilivyo miguuni mwetu. Familia isiyo na gari haiendi huko.

Lipo jambo jingine la Kitui ambalo linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kwa namna ya pekee, nami nililijua nikiwa mwaka wa pili chuoni, kwa bahati, katika tanbihi. Novemba 1849, mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliwasili Kitui nyumbani kwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Ukambani, Krapf aliiona theluji ya Mlima Kenya, na jina alilolisikia kwa wenyeji wake ndilo linalotajwa kuwa asili ya jina la nchi yetu. Kivoi aliuawa mwaka 1851 msafara wao uliposhambuliwa walipokuwa wakielekea Mto Tana. Krapf huyo ndiye aliyechapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kwa hiyo mtu aliyetutengenezea mojawapo ya kamusi zetu za mwanzo alitembea katika vumbi hilihili tunalolipangusa viatuni kabla ya kuingia darasani kufundisha insha za bahari. Somo zima la historia ya Kiswahili lingeweza kufundishwa kwa miguu, jioni moja, na mwalimu akasimama njiani na kuonyesha upande ambao mlima huo huonekana hewa ikiwa safi.

Nimewahi kuyasema haya katika kikao cha wanachama, nikapingwa, na baadhi ya hoja zilikuwa nzito. Ya kwanza ilitoka kwa mwenzangu wa Mwingi. Aliniuliza kama nimesahau njaa. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mapema 2023 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika maeneo kame ya nchi, na Kitui ilikuwa mojawapo. Mvulana yule aliandika insha yake ndani ya ukame huo. Je, ni nani mwenye haya anayeweza kuzungumzia matembezi ya kujifurahisha mahali ambapo watu wanahesabu vikombe vya mahindi? Hoja hii sina jibu lake kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba watu wetu hawakuacha kutembea kwa sababu ya njaa. Nyanya yule alikwenda kumzuru nduguye, na muthokoi ulikuwa ndani ya kiondo, mchache bila shaka. Alisimama njiani akawaonyesha wajukuu wingu. Ukame haukumzuia kufanya hivyo. Mimi ndimi niliyesema kwamba hiyo haikuwa safari.

Hoja ya pili ilitoka kwa mhadhiri ambaye ninamheshimu mno. Alisema mtoto wa bara ana haki ya kuiota bahari, kwamba Kiswahili kilizaliwa pwani na anayekijifunza hana budi kuionja chumvi yake, na kwamba fasihi isiyotoka nyumbani hudumaa. Naafiki kila neno. Laiti ningekuwa na uwezo ningewapeleka wote 41 Mombasa, waingie Ngome ya Yesu, wale mahamri ya kweli. Lakini kuota ni tofauti na kukariri ndoto ya mtu mwingine. Wasafiri wa Kiswahili wa kale walilijua hilo. Katika kitabu cha Safari za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901, yumo Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia, nchi ambazo hapana methali yoyote ya pwani iliyomwandaa kwazo. Alisimulia alichokiona. Huo ni urithi wetu wa nathari ya safari, wa zaidi ya karne moja, na msingi wake ni macho ya msafiri mwenyewe. Insha zetu za mtihani zimeurithi mwendo wa basi tu.

Wako pia wanaosema kwamba Zombe haina kivutio, kwa sababu hakuna aliyekijenga. Kwao kivutio ni bembea, bustani iliyowekwa saruji na bwawa la kuogelea. Mwenzangu wa shahada ya kwanza anayesoma Denmark aliwahi kunieleza kuhusu Billund, mji mdogo wa mashambani ambako familia humiminika kutoka nchi nyingi. Mwanzo wake ni karakana ya seremala, Ole Kirk Christiansen, ambaye mwaka 1932 alianza kuunda vidude vya mbao vya kuchezea watoto. Vidude vikazaa matofali ya plastiki ya Lego, na mwaka 1968 likafunguliwa bustani lao, Legoland. Sitamani Zombe iwe Billund, hata maji ya kuendeshea hayo yote hatuna. Nilichokipenda katika habari ile ni yule seremala. Watoto wa Zombe huunda malori ya waya na makopo yenye usukani unaogeuka, na Wamunyu, huko Machakos, kijiji kizima kinaishi kwa kuchonga mbao. Mtoto akipelekwa kumtazama mchongaji akiitoa twiga ndani ya gogo, hatadai bembea siku hiyo.

Basi nina ombi kwa chama chetu, nalo ni dogo. Kila mwaka tunachangishana fedha kwenda ziara ya pwani. Nimekwenda mara mbili, sijutii. Mara hii kila mwanachama, kabla hajalipa mchango wake, na aandike kurasa mbili kwa Kiswahili kuhusu mahali pamoja palipo karibu na kwao, panapofikika na kurudika siku hiyo hiyo pamoja na watoto na wazee: panafikiwaje, nauli ni kiasi gani, kuna maji au hakuna, na pana masimulizi gani. Aandike alichokiona yeye. Jarida hili lizichape. Wanaokwenda mazoezi ya ualimu wazibebe, wawasomee wanafunzi kabla ya kuwapa mada ile ya safari. Ninaamini kurasa hizo zitakuwa na makosa mengi, na pengine nyingi zitachosha. Zitakuwa angalau na maneno ambayo kamusi zetu hazijayapata, maana mtu akianza kueleza mto wa mchanga kwa Kiswahili ndipo anapogundua ni maneno mangapi tunayakosa.

Mvulana yule alimaliza kidato cha nne mwaka 2023. Nilimpigia simu nilipoanza kuandika makala haya, nikamwomba radhi kwa alama 8. Hakuikumbuka insha. Alikumbuka wino mwekundu. Nilimuuliza nyanya alijibu nini siku ile kuhusu kivuli cha wingu, naye akanyamaza kidogo, akasema kwamba nyanya aliaga dunia mwaka 2022 na kwamba dada yake mdogo ndiye aliyeuliza, huenda yeye anakumbuka. Sijampata dada bado.

Likizo ya Desemba nitakuwa Zombe. Wapwa zangu wanakuja, na mama ameanza kuuliza kama tutakwenda tena. Mwanachama yeyote anayetaka kuandamana nasi aje na viatu imara, kofia, maji ya kutosha na nauli ya kurudi. Chakula tutafunga nyumbani. Nzambani tutauzunguka mara sita, na wa mara ya saba atakwenda kwa hiari yake.